Howard Ashman: Aliyeigeuza filamu ya kutisha kuwa kicheko cha jukwaani

Na Mwandishi Wetu

MEI 6, 1982, katika ukumbi mdogo wa WPA jijini New York, Marekani, watazamaji wasiofika 100 walikaa kutazama mchezo ambao, kama mtu angewasimulia njiani, wangedhani anaweweseka kwa homa. Kijana maskini anayefanya kazi katika duka la maua ananunua mmea wa ajabu. Mmea huo haustawi kwa maji wala kwa mbolea. Unataka damu ya binadamu. Ukishaipata unakua, ukikua unazungumza, na ukizungumza unaimba. Kabla pazia halijafungwa, unakuwa umewala wahusika wote wakuu, mmoja baada ya mwingine.

Mchezo huo wa mzaha na muziki, uliopewa jina la Little Shop of Horrors, yaani Duka Dogo la Mambo ya Kutisha, haukuishia katika ukumbi ule. Ulidumu New York kwa miaka mitano, ukavuka bahari hadi London, ukageuzwa kuwa filamu ya mamilioni ya dola na hadi leo bado unachezwa na shule na vikundi vya maigizo katika nchi nyingi.

Aliyeandika hadithi yake ya jukwaani, aliyetunga mashairi ya nyimbo zake na aliyeuongoza ni Howard Ashman, ambaye usiku ule alikuwa amebakiza siku 11 kutimiza miaka 32. Huenda jina hilo ni geni kwa wasomaji wengi, lakini kazi zake si ngeni. Mzazi yeyote ambaye watoto wake wamewahi kumfanya atazame kwa mara ya 20 filamu za katuni za The Little Mermaid, Beauty and the Beast au Aladdin, ameshasikia maneno yaliyotoka katika kalamu yake.

Ashman alifariki dunia Machi 14, 1991, akiwa na umri wa miaka 40. Maisha yake yalikuwa mafupi, na yalijengwa juu ya imani moja: hata hadithi ya kipuuzi kabisa inastahili kuchezwa kwa moyo wote.

Mtoto wa Baltimore

Howard Elliott Ashman alizaliwa Mei 17, 1950, katika jiji la Baltimore, jimbo la Maryland, mashariki mwa Marekani, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, Raymond, alikuwa akitengeneza koni za aiskrimu.

Mdogo wake wa kike, Sarah, amekuwa akisimulia jinsi chumba cha kulala cha kaka yake kilivyokuwa ukumbi wa kwanza wa maonyesho alioujua. Howard alivipamba vijisanamu vya plastiki kwa vitambaa, akavipanga, akaviwashia taa, kisha akaanza kusimulia hadithi iliyomfanya mdogo wake aamini kuwa vilikuwa hai. Akiwa bado mtoto alijiunga na kikundi cha maigizo ya watoto jijini humo, na tangu hapo hakuonekana kuwa na nia ya kufanya kazi nyingine.

Alisoma katika Chuo Kikuu cha Boston na Chuo cha Goddard, kisha akapata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Indiana mwaka 1974. Mwaka huohuo alihamia New York. Kama wasanii wengi wanaoingia katika jiji kubwa mikono mitupu, alitafuta kazi ya mshahara. Mchana alikuwa mhariri katika kampuni ya uchapishaji wa vitabu. Muda uliobaki alikuwa mwandishi wa michezo ya kuigiza.

Mwaka 1977, yeye na rafiki zake, Kyle Renick na Stuart White, walichukua uendeshaji wa ukumbi wa WPA, Ashman akiwa mkurugenzi wa sanaa. Ulikuwa miongoni mwa kumbi ndogo za New York ambazo hazina fahari ya Broadway, eneo la kumbi kubwa zenye tiketi za bei ghali. Katika kumbi ndogo kama hizo malipo ya waigizaji huwa madogo, mapambo hutengenezwa kwa mbao za kuokoteza na mkurugenzi anaweza kujikuta akifagia jukwaa. Faida yake ni moja: mtu anaweza kujaribu jambo ambalo mwenye fedha hawezi kuthubutu.

Somo la kushindwa

Mwaka 1979, Ashman aliigeuza riwaya ya Kurt Vonnegut, God Bless You, Mr. Rosewater, inayohusu tajiri anayeamua kuwasaidia maskini, kuwa mchezo wa muziki. Kwa kazi hiyo alishirikiana kwa mara ya kwanza na mtunzi wa muziki aliyemzidi umri kidogo, Alan Menken. Ushirikiano huo ndio uliokuja kubadili historia ya filamu za katuni, ingawa wakati ule hakuna aliyeweza kulitabiri hilo.

Mchezo ulipokewa vizuri katika ukumbi wa WPA, lakini ulipohamishiwa ukumbi mkubwa zaidi haukudumu. Ulikuwa na waigizaji wengi na gharama kubwa. Ashman na Menken walitoka hapo na somo ambalo mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo angelielewa mara moja: anza na mtaji unaoumudu. Kazi yao iliyofuata ingekuwa ndogo, yenye waigizaji wachache, bendi ndogo na jambo moja la kushangaza litakalowafanya watu wazungumze wakifika nyumbani.

Jambo hilo la kushangaza Ashman alikuwa nalo kichwani tangu ujana wake, alipoiona katika televisheni filamu moja ya bei rahisi.

Filamu ya siku mbili

Filamu hiyo, The Little Shop of Horrors, ilitolewa mwaka 1960 na mwongozaji Roger Corman, mtu aliyejulikana kwa kutengeneza filamu haraka na kwa fedha kidogo. Mwandishi wake alikuwa Charles B. Griffith. Sehemu kubwa ilipigwa kwa siku mbili tu, katika mandhari yaliyokuwa yameachwa na filamu nyingine, na bajeti yake inatajwa kuwa karibu dola 28,000. Ndani yake anaonekana kijana aitwaye Jack Nicholson, wakati huo akiwa hajulikani, akicheza mgonjwa anayefurahia maumivu kwa daktari wa meno.

Ilikuwa filamu ya kutisha iliyochanganywa na mzaha, na ilianza kujipatia mashabiki kadiri ilivyorudiwa katika televisheni nyakati za usiku. Wengi waliichukulia kama kichekesho cha kupitishia muda. Ashman aliona kitu kingine. Chini ya mapambo yale ya karatasi aliona hadithi ya kale inayopatikana katika kila jamii, ya mtu anayeingia mkataba na shetani. Wahenga wetu waliifupisha kwa maneno manne: tamaa mbele, mauti nyuma.

Katika toleo lake, shujaa ni Seymour, yatima aliyelelewa na Mushnik, mwenye duka la maua katika mtaa wa walalahoi ambako hakuna anayenunua maua. Seymour anampenda kimyakimya mfanyakazi mwenzake, Audrey, ambaye ana uhusiano na daktari wa meno anayempiga na kumdhalilisha. Mmea ule, ambao Seymour anauita Audrey II kwa heshima ya mpenzi wake wa ndotoni, unapoanza kustawi, wateja wanafurika. Yanakuja magazeti, mikataba na sifa. Kila hatua ina bei yake, na bei ni damu. Mwanzoni ni tone kutoka kidoleni mwa Seymour. Baadaye tone halitoshi.

Hapo ndipo Ashman alipouweka mtego wake. Mtu wa kwanza kuliwa ni yule daktari wa meno, ambaye anakufa kwa gesi ya kulevya anayoipenda kuitumia, huku Seymour akisimama na kutazama bila kumsaidia. Mtazamaji anafurahi, kwa kuwa mtu mbaya amepata alichostahili. Wa pili ni Mushnik, na sasa mtazamaji anajikuna kichwa. Wa tatu ni Audrey mwenyewe. Kufikia hapo kila aliyecheka tangu mwanzo anagundua kuwa naye alikuwa akiulisha mmea.

Muziki uliokuwa sahihi

Kuigeuza filamu ya kutisha kuwa kichekesho cha muziki ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Hofu na kicheko vyote hutegemea muda: sekunde moja ya kuchelewa huua vyote viwili. Wimbo nao husimamisha kitendo, na hofu ikisimamishwa hupoa.

Nyimbo za kwanza ambazo Ashman na Menken waliandika zilifuata mtindo wa michezo ya zamani ya muziki, na zilikataa kuishi. Hatimaye Ashman aliamua kuwa kama hadithi ni ya mwaka 1960, basi na muziki wake uwe wa miaka ile: rock and roll na zile nyimbo tamutamu za vikundi vya wasichana zilizotawala redio za Marekani. Wahusika watatu, wasichana wa mtaani wanaotokea kila mara kueleza mambo yanakwendaje, walipewa majina ya Crystal, Ronnette na Chiffon, kutokana na vikundi maarufu vya zama zile.

Uamuzi huo ulitatua tatizo lote. Wasichana wale wakawa waitikiaji kama wale wa michezo ya kale ya Kigiriki, wanaojua tangu mwanzo kuwa mwisho ni mbaya lakini wanauimba kwa tabasamu. Mapigo ya kuchezesha miguu yalimfanya mtazamaji atikise kichwa huku damu ikimwagika. Menken alipeleka muziki wa furaha mahali ambapo maneno ya Ashman yalikuwa yanaficha meno.

Mmea wa karagosi wanne

Lilibaki tatizo la mmea wenyewe. Katika filamu, kamera inaweza kusogea karibu na kudanganya jicho. Jukwaani, mtazamaji wa mstari wa mbele yuko mita chache tu, na anaona kila kitu.

Kazi hiyo alipewa Martin P. Robinson, mbunifu na mchezeshaji wa karagosi anayefahamika pia kwa kazi yake katika kipindi cha watoto cha Sesame Street. Alitengeneza karagosi wanne wa ukubwa tofauti. Wa kwanza alikuwa mche mdogo ndani ya chungu. Wa pili alipakatwa na Seymour, ambaye mkono wake mmoja ulikuwa wa bandia, huku mkono wake halisi ukiwa umejificha ndani ukiuchezesha mmea. Wa tatu alikuwa mkubwa kiasi cha kumficha mtu mzima. Wa nne alijaza sehemu kubwa ya jukwaa, na mdomo wake uliweza kummeza mwigizaji mzima mbele ya watazamaji, naye akatoroka kwa njia ya siri nyuma ya pazia.

Robinson alikaa ndani ya karagosi hao akisogeza midomo yao, wakati sauti nzito ya mmea ilitoka kwa mwimbaji Ron Taylor aliyekuwa amefichwa. Wawili hao ilibidi wapumue kama mtu mmoja. Mdomo ukichelewa nyuma ya neno, mmea unarudi kuwa kitambaa na sponji.

Kucheka bila kudharau

Siri kubwa zaidi ya mchezo huo, hata hivyo, haikuwa karagosi. Ilikuwa katika namna Ashman alivyowaongoza waigizaji wake. Katika maelezo aliyoyaacha mwanzoni mwa kitabu cha mchezo, aliwaonya waigizaji na waongozaji watakaofuata wasijaribu kuchekesha. Aliwataka wacheze kwa unyoofu, kana kwamba kila linalotokea ni la kweli na linawauma. Alijua kuwa mwigizaji anayemkonyeza mtazamaji ili kumwambia kuwa huu ni mzaha tu, ameshaua hofu na kicheko kwa pigo moja.

Mfano bora ni wimbo wa Audrey, Somewhere That's Green. Audrey, aliyechezwa mara ya kwanza na Ellen Greene, anaimba kuhusu ndoto yake ya maisha: nyumba ndogo nje ya jiji, yenye ua, mashine ya kukatia nyasi na vifaa vya jikoni kama vya kwenye magazeti ya akina mama. Ni orodha ya vitu vya kawaida mno, na mtazamaji anaanza kwa kucheka. Kisha anakumbuka kuwa mwanamke huyu ana jicho lililovimba kwa kipigo, na kwamba hicho kidogo anachokiomba dunia haiko tayari kumpa. Kicheko kinamkwama kooni.

Julai 27, 1982, mchezo ulihamia ukumbi wa Orpheum katika eneo la East Village. Miongoni mwa waliouwekea fedha walikuwa mfanyabiashara wa muziki David Geffen na mtayarishaji wa Uingereza Cameron Mackintosh. Broadway ilikuwa inanyemelewa, lakini Ashman alikataa. Aliamini kuwa hadithi ile inahitaji ukumbi mdogo ambamo mtazamaji hana pa kukimbilia. Mwishoni mwa kila onyesho, matawi ya mmea yaliangushwa kutoka darini juu ya vichwa vya watu.

Mchezo ulishinda tuzo ya wahakiki wa tamthilia wa New York ya mchezo bora wa muziki wa msimu wa 1982/83. Oktoba 1983 ulifunguliwa jijini London. Ulipofungwa New York, Novemba 1, 1987, ulikuwa umeonyeshwa mara 2,209 na ulikuwa umeingiza fedha nyingi kuliko mchezo mwingine wowote katika historia ya kumbi za nje ya Broadway.

Mwisho uliobadilishwa

Desemba 1986 ilitoka filamu ya muziki iliyotokana na mchezo huo, ikiongozwa na Frank Oz. Ashman ndiye aliyeandika muswada wake. Rick Moranis alicheza Seymour, Ellen Greene akarudi kuwa Audrey, na Steve Martin akawa daktari wa meno. Filamu iliyokuwa imezaliwa kwa dola 28,000 sasa ilirudi sinema kwa gharama ya takriban dola milioni 25.

Mwanzoni filamu ilipigwa na mwisho wake uleule wa jukwaani: Seymour na Audrey wanaliwa, na mimea inaiteka Marekani. Ilipoonyeshwa kwa majaribio, watazamaji walishangilia wimbo baada ya wimbo mpaka wawili hao walipokufa. Hapo ukumbi ulinyamaza, na alama walizotoa zilikuwa mbaya sana. Ikabidi uandikwe mwisho mpya ambamo wapenzi wanapona.

Maelezo ya Oz kuhusu tofauti hiyo ni funzo zuri kwa kila anayefanya maigizo. Jukwaani, mwigizaji aliyeliwa anarudi baada ya dakika chache kuinama na kupigiwa makofi, na mtazamaji anakwenda nyumbani akijua kuwa alikuwa mzima. Katika filamu, aliyekufa amekufa. Harudi kuinama. Mwisho wa awali ulitengenezwa upya na kutolewa mwaka 2012.

Majira hayohayo Ashman alipata pigo jingine. Mchezo wake wa Broadway, Smile, alioutunga pamoja na mwanamuziki mashuhuri Marvin Hamlisch, ulifunguliwa Novemba 24, 1986, na kufungwa Januari 3, 1987, baada ya maonyesho 48. Mtu aliyekuwa amejaza ukumbi mdogo kwa miaka alishindwa kujaza ukumbi mkubwa kwa miezi miwili.

Kutoka mmea hadi nguva

Kushindwa huko kulimfungulia mlango asioutarajia. Kampuni ya Walt Disney ilikuwa inatafuta watu wa kufufua idara yake ya katuni, iliyokuwa imedorora kwa miaka. Ashman alikwenda California, akachagua kufanya kazi na idara hiyo na kumvuta Menken.

Katika The Little Mermaid, iliyotokana na hadithi ya Hans Christian Andersen wa Denmark, Ashman alikuwa mtunzi wa mashairi na pia mtayarishaji mwenza. Ni yeye aliyependekeza kuwa kaa mdogo aliyekuwa amepangwa kuzungumza kama mtumishi wa Kiingereza awe wa visiwa vya Karibiani, na hivyo kuleta muziki wa huko chini ya bahari. Na alipomwandikia binti nguva wimbo wa kutamani maisha ya nchi kavu, alitumia kanuni ileile ya Audrey: mapema katika hadithi, mhusika asimame peke yake aimbe kile anachokitaka, ili mtazamaji akitake pamoja naye. Ashman na Menken walitania kuwa ni wimbo uleule wa Audrey uliohamishiwa majini.

Wimbo huo, Part of Your World, nusura ukatwe baada ya watoto kuonekana kuchoka katika onyesho la majaribio. Ashman aliupigania kwa ukali, na ukabaki. Filamu ilitoka mwaka 1989 na kuanza kile ambacho wanahistoria wa katuni wanakiita mwamko wa Disney.

Siri iliyokuwa inakua

Wakati huo wote Ashman alikuwa na jambo ambalo wenzake wengi kazini hawakulijua. Mwaka 1988 alikuwa ameelezwa kuwa ameathirika na Virusi vya Ukimwi. Ugonjwa huo ulikuwa umeripotiwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani Juni 1981, chini ya mwaka mmoja kabla ya mmea wake kuimba mbele ya watu. Tayari ulikuwa umemchukua Stuart White, mwenzake wa ukumbi wa WPA, mwaka 1983. Dawa zilizokuwepo zilikuwa chache, na unyanyapaa ulikuwa mkubwa. Mtu angeweza kupoteza kazi, nyumba na marafiki kwa siku moja. Ashman alinyamaza.

Mchezo wa mmea unaonyonya damu haukuandikwa kuhusu Ukimwi. Lakini ni vigumu kuyasoma maisha ya mwandishi wake bila kuona jinsi alivyokuja kuishi na kitu kilichokuwa kinakua gizani, kikidai zaidi kila siku.

Machi 26, 1990, yeye na Menken walipokea tuzo ya Oscar ya wimbo bora kwa ajili ya Under the Sea. Usiku uleule wa furaha, Ashman alimwambia mwenzake kuwa wakirudi New York wanahitaji kuzungumza. Siku chache baadaye alimweleza ukweli.

Kuanzia hapo Disney iliipeleka kazi kwa mgonjwa. Watengenezaji wa Beauty and the Beast walisafiri kutoka California kwenda kukutana hotelini huko Fishkill, karibu na nyumba ambayo Ashman aliishi na mwenza wake, msanifu majengo Bill Lauch, kaskazini mwa jiji la New York. Wengi wao hawakuambiwa sababu. Mwili ulipodhoofika, aliendelea kutunga akiwa kitandani. Macho na sauti vilipoanza kumtoka, aliendelea kusikiliza rekodi na kutoa maelekezo.

Siku nne kabla ya kifo chake, vipande vya filamu hiyo ambayo haikuwa imekamilika vilionyeshwa kwa waandishi wa habari na kupokewa kwa shangwe. Wenzake walikwenda hospitali ya St. Vincent's, Manhattan, kumpa habari hiyo. Machi 14, 1991, alifariki dunia. Tiba ya mchanganyiko wa dawa za kurefusha maisha, ambayo leo inawawezesha mamilioni ya watu kuishi na virusi hivyo na kulea watoto wao, ilianza kutumika kwa upana miaka mitano baadaye.

Tuzo bila mwenyewe

Beauty and the Beast ilitoka Novemba 1991, ikifungwa kwa maandishi ya kumshukuru Ashman kwa kile alichowapa nguva na mnyama. Ikawa filamu ya kwanza ya katuni kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora. Machi 30, 1992, wimbo wenye jina la filamu hiyo ulipotangazwa kuwa bora, aliyepanda jukwaani kumpokelea marehemu ni Lauch. Aliuambia ulimwengu kuwa hiyo ilikuwa Oscar ya kwanza kutolewa kwa mtu aliyepotezwa na Ukimwi. Katika miaka ambayo familia nyingi, Marekani na hata huku kwetu, zilikuwa zikiuficha ugonjwa huo kwa kuutaja kwa majina mengine, lilikuwa tamko zito.

Aladdin, ambayo wazo lake Ashman alilipeleka Disney mwaka 1988, ilitoka mwaka 1992 ikiwa na nyimbo zake tatu. Nyingine zilimaliziwa na mtunzi Tim Rice. Mwaka 2001 Disney ilimwingiza katika orodha ya magwiji wake, na mwaka 2018 mtayarishaji Don Hahn, aliyefanya naye kazi, alitoa filamu ya maisha yake iitwayo Howard.

Mmea wake nao haukunyauka. Mwaka 2003 ulifika Broadway, mahali ambapo mwenyewe alikuwa amekataa kuupeleka, na kufungwa mwaka uliofuata. Oktoba 2019 ulirejeshwa New York katika ukumbi wa Westside, wenye viti visivyofika 300, na watu wakapanga foleni. Matokeo hayo mawili yalithibitisha hoja yake ya mwaka 1982 kuhusu ukubwa wa ukumbi.

Zaidi ya miaka 30 baada ya kifo chake, vijana wa shule wanaoucheza mchezo huo kwa mara ya kwanza bado wanakutana na onyo lake katika kurasa za mwanzo: wasiucheke mmea, wala wasimcheke Audrey. Wakilitii, ukumbi unacheka kwa niaba yao, na ikifika zamu ya Audrey kuliwa, unanyamaza.